HATI ZA MATENGENEZO YA NDEGE, NA SEHEMU YA KARANI NDANI YAKE

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa Wanachama)



Halmashauri imetutaka tuseme habari ya kazi tuifanyayo, nasi twaishukuru kwa heshima hiyo. Wengi wenu mwajua ya kuwa tu makarani katika afisi ya kumbukumbu za ndege. Mara nyingi tumemsikia mwenzetu akiuliza, tena kwa kucheka, karani ana jambo gani na ndege, maana ndege ina rubani wa kuirusha na fundi wa kuitengeneza, na karani hata ngazi yake hapandi. Twajibu kwamba ndege, hata ikiwa nzima kama siku ile ilipotoka kiwandani, haina ruhusa ya kuondoka chini mpaka karatasi zake zionyeshe kuwa ni nzima; na karatasi hizo hukusanywa, hukaguliwa na kuhifadhiwa na watu kama sisi na ninyi.

Hili si neno la kujitukuza, bali ni sheria. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao karibu mataifa yote ya dunia yameingia ndani yake, una nyongeza zake. Nyongeza ya 6 yahusu uendeshaji wa ndege, na ya 8 yahusu kustahili kwake kuruka. Katika ile ya 6 imeamriwa kwamba mwenye ndege aweke kumbukumbu ya jumla ya saa na safari za ndege na za vipande vyake vyenye ukomo wa maisha. Ya amri za lazima alizozitimiza. Ya matengenezo makubwa na mageuzi. Ya muda uliopita tangu kila kipande kifunguliwe na kufanywa upya. Na habari kamili za kazi iliyofanywa, kuonyesha kwamba kila sahihi iliyotakiwa imetiwa. Habari hizi za mwisho huwekwa si chini ya mwaka mmoja tangu sahihi ya kuiachilia ndege. Zile nyingine zote hukaa mpaka siku 90 zipite tangu chombo chenyewe kiondolewe kazini kwa daima. Juu ya msingi huo kila nchi imetunga kanuni zake, na kwetu mwangalizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Sisi tulihamishwa kutoka afisi ya ardhi, na twakiri kwamba tulikuja na kiburi kidogo. Tulidhani faili ni faili. Baada ya juma moja tulitambua tofauti. Katika afisi ya ardhi, mpaka ukiandikwa vibaya, majirani wawili hugombana, nao wakaenda barazani, na hakimu akaamua. Jambo huharibika na jambo hutengenezeka. Hapa hapana baraza la rufani kati ya karatasi na anga.

Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kuhesabu saa, nasi tulikuwa tukihesabu saa tangu utoto. Basi sikilizeni. Fremu ya ndege ina buku lake, kila injini ina lake, na kila rafadha, au propela kama mafundi wasemavyo, ina lake. Katika mabuku hayo saa huandikwa kwa namna mbili. Wengine huandika saa na dakika. Wengine huandika saa na sehemu za kumi, ambapo dakika 6 ni sehemu moja. Safari ya saa moja na nusu, kwa namna ya kwanza ni 1.30, na kwa namna ya pili ni 1.5. Karani mgeni akijumlisha 1.30 mara mbili kwa mashine ya hesabu atapata 2.60, ataiandika kwa mkono mzuri, na ukurasa utapendeza. Kumbe jumla ya haki ni saa 3 kamili. Na akiisoma ile 2.60 kama saa na sehemu za kumi, dakika 24 zimepotea. Ndege inayofanya safari nne za namna hiyo kwa siku hupotewa na dakika 48 kila siku, na katika siku 30 ni saa 24. Ikiwa ndege hiyo yapasa kukaguliwa kila saa 100, basi kwa kosa la nukta tu ukaguzi umekwisha pita, wala hapana mtu aliyedanganya.

Tena kuna saa yenyewe. Sisi twasema saa tatu ya asubuhi. Mwingereza husema tisa. Na buku la ndege husema sita, kwa maana marubani wa dunia nzima huandika kwa saa za Greenwich, nazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Watu watatu waweza kutaja dakika moja kwa namba tatu, na wote wakasema kweli. Hatari iko usiku. Ndege iliyotua saa nane ya usiku wa kuamkia tarehe 5, kwa hesabu ya Greenwich imetua saa tano ya usiku wa tarehe 4. Karani asiyekumbuka hili hupeleka ubovu katika siku isiyo yake, nasi tutaona hivi punde jinsi siku moja inavyoweza kuwa kubwa.

Mbali na saa, huhesabiwa safari, yaani kuruka na kutua mara moja. Tuliuliza kwa nini kazi mbili, wakati saa zaonekana kutosha. Fundi wetu mzee alitupa kisa cha Hawaii, nacho ni kisa cha kweli kilichoandikwa na baraza la uchunguzi la Marekani. Ndege ya shirika la Aloha, Boeing 737, ilikuwa ikienda kutoka Hilo hadi Honolulu tarehe 28 Aprili 1988, paa lake la mbele likang'oka angani kiasi cha futi 18. Mtumishi mmoja wa ndani ya ndege alivutwa nje akafa. Rubani alifaulu kuitua Maui, na wengine wote wakaokoka. Ndege ile ilikuwa imeruka saa 35,496 tu, lakini safari zake zilikuwa 89,680, kwa sababu visiwa vile viko karibu karibu. Kila inapopanda, hewa ya ndani hulisukuma bati lake kutoka ndani. Kila inaposhuka, bati hulegea. Bati halijui saa. Lajua ni mara ngapi limesukumwa na kulegezwa. Ndege zetu ziendazo Unguja kutoka Dar es Salaam kwa dakika ishirini hivi zina maisha ya namna hiyo hiyo, ijapokuwa zile ndogo hazijazwi hewa. Miguu yake na injini zake huhesabu kila kutua na kila kuwashwa. Tangu tuliposikia habari ile hatujaiona safu ya safari kuwa ni safu ya kujazia tu.

Sasa tuje kwenye kuandika. Rubani akiona ubovu huuandika katika buku la ufundi, na fundi hujibu katika nafasi iliyo mkabala. Tuseme rubani ameandika: "Gurudumu la nje la kushoto limepungua hewa." Fundi akijibu: "Imeangaliwa, ni nzuri," hajajibu neno. Nani aliyeangalia? Kwa kipimo gani? Lilijazwa au lilibadilishwa? Jibu lifaalo husema kwamba gurudumu limebadilishwa. Litaje namba ya kipande, namba ya pekee ya lililotolewa na ya lililotiwa, sura ya kitabu cha mtengenezaji iliyofuatwa, kipimo cha hewa kilichosomwa. Kisha tarehe, mahali, sahihi, na namba ya leseni. Karani haongezi hata neno moja katika jibu hilo. Kazi yake ni kulisoma, na likipungua kulirudisha.

Mtasema karani atajuaje sura ya kitabu cha mafundi. Hili ni jepesi kuliko mdhanivyo, na kwa karani wa masijala ni furaha. Mwaka 1956 chama cha mashirika ya ndege ya Marekani kilitoa mpango wa kugawa ndege nzima katika sura zenye namba, nao umeenea duniani kote. Sura ya 24 ni umeme. 27 ni vyombo vya kuongozea. 29 ni mafuta ya kusukumia mitambo. 32 ni magurudumu na miguu. Ndege iwe ya Brazil au ya Kanada, 32 ni 32. Sisi tuliozoea namba za majalada tulijifunza mpango huu kabla ya mwezi kwisha, na mafundi wakaanza kutuuliza sisi.

Jambo jingine lililotupendeza ni lugha. Vitabu vingi vya matengenezo huandikwa kwa Kiingereza kilichopunguzwa makusudi, chenye kamusi yake, na neno moja hupewa maana moja tu, ili fundi wa Kichina na fundi wa Kihaya wasome jambo lile lile. Kanuni zake zilitolewa kwanza mwaka 1986. Sisi tuliofundishwa shuleni kwamba insha nzuri ni ile yenye maneno mengi ya namna namna, tulilazimika kujifunza upya. Katika hati hizi, kitu kilichoitwa skrubu mstari wa kwanza kiitwe skrubu hata mstari wa mwisho.

Kufuta ni haramu. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, lisomeke bado. Andika la haki pembeni, tia herufi za jina lako na tarehe. Rangi nyeupe ya kufunikia isionekane mezani. Nafasi isiyohusika isiachwe tupu, bali iandikwe kwamba haihusiki, maana nafasi tupu humwita mtu aijaze baadaye. Na mwezi uandikwe kwa herufi: 3/4 kwetu ni tarehe tatu Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi, na sisi hupokea vipande kutoka huku na huko.

Haya yote ni adabu ya kalamu, na karani yeyote mwenye bidii ataijua kwa mwezi mmoja. Lakini liko moja ambalo halijulikani kwa mwezi, nalo ni kutambua kazi iliyofanywa ila haikuandikwa. Kwa hili tutawaeleza kisa kirefu kidogo, kwa kuwa ndicho kilichotufundisha zaidi kuliko vitabu vyote.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 1991, huko Houston, Marekani, ndege ndogo ya abiria aina ya Embraer 120 ya shirika la Continental Express iliingizwa katika banda ili ibadilishwe mipira ya kuondolea barafu, iliyo katika kingo za mbele za mabawa madogo ya mkiani. Kazi ilikuwa ya pande mbili, kulia na kushoto. Zamu ya jioni ikaanza. Walifungua skrubu za upande wa kulia; na mkaguzi mmoja, kwa moyo mwema wa kusaidia, akapanda akafungua skrubu 47 za juu za upande wa kushoto. Kisha zamu ikaisha.

Sasa tazameni karatasi zilivyokwenda. Skrubu za kushoto kufunguliwa hakukuandikwa katika kadi ya kazi. Mafundi walipeana habari kwa mdomo, huyu kwa yule, na yule aliyeambiwa siye aliyeifanya kazi. Yule mkaguzi aliandika katika karatasi ya makabidhiano kwamba alisaidia kwenye mipira. Lakini mkaguzi wa zamu ya usiku alikuwa amefika mapema, akaisoma karatasi ile kabla mwenzake hajaandika, hakuona kitu. Zamu ya usiku wakaumaliza upande wa kulia, wakaona muda hautoshi, upande wa kushoto wakauahirisha. Kwa kuwa hakuna palipoandikwa kwamba umeguswa, hakuna aliyepanda kuutazama. Mkia wa ndege ile ni mrefu, na mtu aliyesimama chini hawezi kuona juu ya bawa lake, sembuse usiku. Karatasi zikaletwa, zikaonekana safi, ndege ikaachiliwa.

Asubuhi ilikwenda Laredo salama. Katika kurudi, ilipokuwa ikishuka kwa kasi kuelekea Houston, ukingo ule wa kushoto ukang'oka, ndege ikainama ghafula, ikavunjika angani, ikaanguka karibu na mji wa Eagle Lake. Watu 14 walikuwamo, wote wakafa.

Hatukusimulia haya ili mwogope. Twataka mtambue kwamba katika banda lile hapakuwa na mlevi wala mwizi, na kila mtu alikuwa akifanya kazi. Kadi zenyewe, kwa yale yaliyoandikwa humo, zilikuwa nadhifu, na karani ambaye angezipokea asubuhi asingeona doa. Ndiyo maana tumejifunza kuuliza swali ambalo halimo katika fomu yoyote: "Nini kilifunguliwa?" Kila kilichofunguliwa kiwe na mstari wake, hata kama hakikutolewa; na kila mstari uwe na sahihi mbili, ya kufungua na ya kufunga. Fundi akituletea kadi yenye sahihi kumi na mbili zilizotiwa kwa kalamu moja na kwa mshazari mmoja kana kwamba alitia zote akiwa anakunywa chai, twamwuliza kwa heshima. Wengine hukasirika. Na karatasi ya makabidhiano isomwe wawili wakiwa pamoja, anayetoka na anayeingia, si mmoja kuiacha na mwingine kuiokota.

Katika baraza lililochunguza msiba ule alikuwamo mjumbe mmoja, John Lauber, ambaye hakukubali kwamba lawama iishie kwa mafundi na wakaguzi. Aliandika maoni yake mbali, kwamba wakuu wa shirika hawakujenga desturi ya kuwafanya watu wao wafuate taratibu za kazi. Tulipoyasoma maoni hayo tulifurahi, nasi tutawaeleza sababu baadaye.

Kuna uwongo wa namna nyingine, ule wa sahihi. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet iliwaka moto angani ikaanguka katika bwawa la Everglades, Florida, na watu 110 wakafa. Ndani ya shehena yake yalikuwamo masanduku ya mitungi ya kutengenezea hewa ya oksijeni, iliyotolewa katika ndege nyingine zilizokuwa zikitengenezwa Miami. Kadi ya kazi ilisema kila mtungi ufungwe kifuniko cha usalama. Vifuniko havikuwapo banda zima. Kadi ikatiwa sahihi hata hivyo. Kisha hati ya mizigo ikaandikwa kwamba mitungi ni mitupu, na haikuwa mitupu. Makarani wa mizigo walisoma "mitupu," wakaamini. Kweli, wangefanya nini? Mwenye kusoma karatasi hana macho mengine ila yale ya aliyeiandika.

Kuhusu vipande vya akiba, au spea, tutasema kwa ufupi. Kila kipande huja na hati yake ya kuachiliwa: ya Marekani huitwa 8130-3, ya Ulaya huitwa Fomu 1. Namba iliyo katika hati ilingane na iliyochongwa katika kipande, herufi kwa herufi. O na 0 zimewapoteza wengi. Kipande chenye ukomo wa maisha, kama sahani za ndani ya injini, yapasa kuwa na historia yake tangu kilipozaliwa kiwandani. Historia ikikatika mahali, kipande kile, hata kiking'aa, ni chuma chakavu. Na kwa kuwa karatasi ndiyo yenye thamani, wako wanaoighushi. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, iliuza vipande vya injini kwa hati za kughushi, na mashirika makubwa ya dunia yakalazimika kufungua injini zao kuvitafuta. Walioshtuka kwanza ni watu wa meza waliouliza aliyetajwa katika hati kama hati ile ni yake. Kuuliza hivyo ni barua moja tu.

Ubovu mdogo waweza kuahirishwa, kwa mujibu wa orodha iliyokubaliwa na Mamlaka. Ulio katika kundi B hupewa siku 3, C siku 10, D siku 120. Na siku ulipoandikwa haihesabiwi. Sasa mwaona kwa nini tulisema habari ya tarehe za Greenwich. Sisi twaandika siku ya mwisho kwa wino mwekundu ubaoni, mahali ambapo hata mgeni aingiapo afisini huiona.

Na kabla ndege haijaondoka, nakala ya ukurasa wa buku la ufundi huchanwa ikabaki chini. Wageni hutuuliza kwa nini tunaharakia karatasi hiyo wakati buku lenyewe litarudi jioni. Hatupendi kuwajibu mbele ya abiria. Buku husafiri ndani ya ndege, Mabwana. Lililoipata ndege hulipata na buku.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa kompyuta, nasi twaipokea kwa shukrani, maana haina mchwa. Lakini neno la siri la fundi ndilo sahihi yake. Tumeona mafundi wakiazimana neno la siri kama watu waazimanavyo kiberiti, na huo ni ughushi ule ule wa zamani katika nguo mpya.

Tumebakiwa na jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tukubali kusimama hapa. Jioni moja tulikuwa tukikagua kadi za ndege iliyotakiwa kuondoka alfajiri na watu wakubwa. Katika ukurasa wa nne, hatua ya kukaza bolti za rafadha haikuwa na sahihi. Fundi aliyeifanya alikuwa amekwisha ondoka kwenda kwao msibani, na simu yake haikupatikana. Tulimwendea mkubwa wetu. Akasema, "Si amekuambieni kwamba alizikaza? Basi tieni herufi zake, tusiaibike." Tukamjibu, "Bwana, tunajua alisema. Hatujui kama alikaza. Na herufi si zetu." Akatutazama kwa muda mrefu. Hatimaye aliitwa fundi mwingine mwenye leseni, akatoka kitandani kwake, akazikaza upya zote kwa kipimo, akatia sahihi yake. Ndege haikuondoka saa kumi na mbili. Iliondoka saa mbili na nusu.

Bolti zote zilikutwa zimekazwa sawasawa. Yule fundi aliyekwenda msibani alikuwa amefanya kazi yake kama ipasavyo, na hatutaki mtu adhani tuliiokoa ndege ile. Hapakuwa na hatari yoyote, ila hatukuwa na njia ya kulijua hilo saa ile usiku. Lakini siku ya tatu tuliletewa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi, nayo imo katika faili letu hata leo, na mwaka huo jina letu halikupelekwa katika orodha ya kupandishwa cheo. Tumezungumza na makarani wa mahali pengine, si wa ndege tu bali wa bohari za dawa na wa magari ya Serikali, wakatuambia kwamba nao wana barua zao.

Kwa hiyo twaleta hoja, Bwana Mwenye Kiti. Fundi anayo leseni, na leseni humlinda anapokataa kutia sahihi. Rubani anayo amri juu ya ndege yake, na akisema hairuki, hairuki. Karani hana kitu. Nyongeza ya 19 ya Mkataba ule wa Chicago, iliyoanza kutumika mwaka 2013, yataka watoao habari za hatari walindwe. Lakini karani aliyezuia faili kwa sababu ya sahihi iliyopungua huhesabiwa kuwa mvivu, si mtoa habari. Twaomba Chama kiiandikie Serikali kitake mambo mawili: kwanza, kwamba karani wa kumbukumbu asiadhibiwe kwa kuirudisha hati isiyotimia, maadam ameandika sababu na saa, na pili, kwamba agizo lolote la kuijaza hati kwa niaba ya asiyekuwapo litolewe kwa maandishi na mwenye kulitoa. Hilo la pili twalitegemea zaidi, kwa kuwa twaona ni wachache watakaokubali kuliandika.

Maneno ya hoja tumekwisha mpa Mwandishi wa Chama. Na kwa wale wapendao kujaribu, tumeleta kadi za kazi tupu arubaini, za aina ile ile tuitumiayo, ziko pale mezani karibu na mlango. Ubovu umekwisha andikwa juu ya kila kadi. Kila mtu achukue moja, ajaze jibu la fundi kama alivyosikia, nasi tutazisahihisha na kuzirudisha katika mkutano ujao. Tafadhali andikeni mwezi kwa herufi.